Miti ya Viungani na Zamu ya Askari



Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika mazungumzo haya tutaitazama miji mitatu ya nchi jirani, yaani Nairobi, Kampala na Kigali. Hatutazungumza juu ya uchaguzi wala mikutano ya wakuu wa nchi. Tutazungumza juu ya msitu ulio nyuma ya nyumba za watu, bwawa lililo chini ya kitongoji, kinamasi kilicho bondeni, na ndege anayetembea kandokando ya maji hayo.

Huenda askari aliyetoka zamu usiku akajiuliza: mambo ya miti na madimbwi yananihusu nini mimi niliyekula kiapo cha kuulinda mpaka na kutunza amani? Hilo ni swali la haki, nalo linastahili jibu. Jibu lake ni kwamba mji ukikatiwa miti yake na kufukiwa madimbwi yake, mvua ikinyesha anayeitwa usiku wa manane kubeba wazee mgongoni na kuopoa maiti ni askari. Ugomvi wa ardhi ya wazi ukizuka baina ya wananchi na mwenye hati ya mashaka, anayepangwa mstari katikati yao na rungu mkononi ni askari. Basi huyu ndiye wa kwanza kulipa deni ambalo hakulikopa.

Tuanze na Nairobi. Kaskazini ya mji huo, katikati ya vitongoji vya Muthaiga, Gigiri na Runda, upo msitu uitwao Karura. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 1,041, nao ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake mna mito, maporomoko madogo ya maji, na bwawa linaloota mayungiyungi. Humo huishi kima, pongo, funo, digidigi, fungo, na ndege wa kila rangi. Ni ajabu na ni neema kwa mji wenye mamilioni ya watu kuwa na pori la namna hiyo karibu na milango ya nyumba.

Lakini neema hiyo ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huo ziligawiwa kwa siri kwa watu binafsi ili zijengwe majumba ya fahari. Mwaka 1998 wananchi waliona miti imekwisha kuangushwa na mitambo imeingia kazini. Aliyepaza sauti kuliko wengine alikuwa Profesa Wangari Maathai, mama aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kina mama za kupanda miti. Tarehe 8 Januari, 1999, yeye na wenzake walikwenda langoni mwa msitu kupanda mti mmoja tu. Hapo waliwakuta vijana waliokodiwa, wenye mijeledi na marungu, nao waliwapiga watu hao hadi damu ikawatoka. Miongoni mwa walioumizwa walikuwamo wabunge na waandishi wa habari.

Ndugu askari, sehemu inayofuata ya habari hii inawahusu nyinyi moja kwa moja. Profesa Maathai, akiwa amepasuliwa kichwa, alikwenda kituo cha polisi kutoa mashitaka. Ameandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwamba alitia alama ya sahihi kwenye maelezo yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Alitaka askari wafuatane naye msituni wakawakamate wahalifu wale, lakini hawakwenda. Siku zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kuutetea msitu, wakapambana na polisi barabarani. Dunia nzima ilitazama, kwani makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yapo papo hapo Gigiri, jirani na msitu wenyewe. Hatimaye, katika mwaka huo huo wa 1999, serikali ya Kenya ilitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka 2004 mama yule aliyepigwa langoni mwa msitu alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki dunia mwezi Septemba, 2011. Tujiulize: leo hii nani anawakumbuka wenye hati zile kwa heshima? Na tujiulize jambo lililo zito zaidi: siku ile, sheria ilikuwa upande wa nani? Ilikuwa upande wa msitu, kwa kuwa msitu ulikuwa mali ya umma. Askari aliyekaa kimya kituoni hakuwa amesimama katikati. Alikuwa amesimama upande wa mwizi, ingawa huenda mwenyewe hakujua.

Hata hivyo, kuokolewa kwa msitu si mwisho wa kazi. Kwa miaka mingi Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa. Wanyang'anyi walijificha humo, wakata kuni na wapika gongo waliingia watakavyo, na mwananchi mwenye akili zake hakuthubutu kupita. Mwaka 2009 wakazi wa vitongoji jirani waliungana na Idara ya Misitu ya Kenya katika chama cha kuutunza msitu huo. Uzio wa umeme ulijengwa. Vijana wa kijiji cha Huruma kilicho pembeni, ambao awali walihesabiwa kuwa maadui wa msitu, waliajiriwa kuwa walinzi wake. Mwaka 2011 milango ilifunguliwa kwa wananchi kwa kiingilio kidogo, na fedha hizo zikasaidia matunzo. Mikaratusi ya kigeni iliyopandwa enzi za ukoloni ilianza kuondolewa hatua kwa hatua, na mahali pake ikarudishwa miti ya asili kama vile muhugu na mizeituni pori. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 mbega walihamishwa kutoka Kipipiri, ambako walikuwa wakigombana na wakulima, wakaletwa Karura ambako ukoo wao ulikuwa umetoweka.

Hapa pana funzo la ulinzi ambalo kila kamanda atalielewa. Eneo lisilo na watu wema halibaki tupu; hujazwa na watu waovu. Msitu wa Karura haukupata usalama kwa kufyekwa ili wezi wakose pa kujificha, kama baadhi ya watu walivyokuwa wakishauri. Ulipata usalama kwa kujazwa akina mama wanaotembea, watoto wa shule, wakimbiaji na wapanda baiskeli. Mwizi hapendi macho mengi.

Lakini katika mji huo huo wa Nairobi upo mfano wa pili, nao ni wa kusikitisha. Kusini ya mji, baina ya Lang'ata na Kibera, lipo Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji wakati wa shida. Watu wazima wa Nairobi wanakumbuka mashua za tanga zikikimbia juu ya maji yake. Bwawa hilo halikushambuliwa na jeshi la kigeni. Liliuawa polepole: takataka na maji machafu yaliletwa na mto, udongo ulilijaza kina chake, magugu maji yakafunika uso wake, na watu wakajisogeza wakalima na kujenga pembezoni mwake. Kila mmoja alimega kidogo tu, akiamini kwamba kidogo chake hakidhuru. Karura ilivamiwa kwa kelele, ikapata wa kuitetea. Bwawa lilivamiwa kwa kimya, likakosa mtetezi.

Na malipo yake ni nini? Mwezi Aprili na Mei, 2024, mvua kubwa zilinyesha Kenya, na mafuriko yakaua zaidi ya watu 200 nchini humo. Katika Nairobi, mabonde ya mito kama Mathare yalifurika, nyumba zikachukuliwa pamoja na waliolala ndani. Hatusemi kwamba mti mmoja ungezuia mvua ile. Tunasema kwamba maji yana kanuni zake. Tone la mvua likianguka juu ya jani hupunguziwa nguvu. Likifika chini penye mizizi na majani makavu hupenya ardhini. Likifika bondeni penye bwawa au kinamasi hutulia. Lakini tone hilo hilo likianguka juu ya bati, likateremka juu ya saruji na kuingia katika mfereji uliozibwa kwa mifuko, linakuwa mwenzake wa matone mengine mamilioni, na yote hufika bondeni kwa saa moja. Mji uliofyekwa unayaharakisha maji kuelekea kwa maskini wake.

Sasa tuvuke Ziwa Viktoria twende Kampala. Mji huo umejengwa juu ya vilima, na baina ya vilima hivyo yapo mabonde yenye vinamasi vya mafunjo. Kimoja ni Nakivubo. Maji ya mvua na maji machafu ya sehemu kubwa ya mji hupita katika mfereji wa Nakivubo, hupita kitongoji cha Bugolobi, huingia katika kinamasi hicho, kisha humwagika katika ghuba ya Murchison. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo mitambo ilipokuwa ikivuta maji ya kunywa ya mji wa Kampala kwa miaka mingi.

Msikilizaji atashituka: je, watu hunywa walichokimwaga? Ndiyo, na kilichowakinga ni mafunjo. Mizizi ya mafunjo hukamata tope, hufyonza mbolea iliyo katika uchafu, na vijidudu vingi hufa kabla ya maji kufika ziwani. Hicho ni kichujio kisichotaka umeme, vipuri wala fundi. Wataalamu waliokichunguza mwishoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba kazi hiyo ya bure ilikuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Lakini bonde likaonekana kuwa ni ardhi ya bure. Sehemu ikalimwa magimbi na miwa, sehemu ikafukiwa kwa kifusi, viwanda na nyumba vikasimama. Kichujio kilipopungua, dawa na gharama za kusafisha maji zikaongezeka, na Kampala ikalazimika kujenga mtambo mwingine mkubwa wa maji mbali mashariki, huko Katosi. Kuchafuka kwa ghuba kulikuwa mojawapo ya sababu. Hivyo kilichofukiwa kwa bei ya lori la kifusi kimelipiwa kwa mikopo ya mamilioni.

Uganda imetunga sheria nzuri. Katiba yake ya mwaka 1995 imeviweka vinamasi chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, na polisi ya nchi hiyo ina kikosi maalumu cha kulinda mazingira. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, magharibi ya mji. Vilio vya watu vilisikika, na swali moja likarudiwa mara nyingi: mbona kibanda cha maskini kinabomolewa, na ghala la tajiri lililo bonde hilo hilo linasimama? Hatutaki kuwa waamuzi wa nyumba ya jirani. Lakini askari yeyote anajua kwamba sheria ikiwa wavu unaonasa dagaa na kuwapisha papa, wananchi wataacha kuiheshimu sheria, kisha wataacha kumheshimu anayeitekeleza. Na mtu anayeondolewa bondeni bila kuonyeshwa pa kwenda, atarudi bondeni.

Tumalizie safari yetu Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Huko lipo bonde la Nyandungu, mashariki ya mji, ambalo lilikuwa limeharibiwa kwa malisho, uchimbaji na uchafu. Kazi ya kulirudishia uhai ilianza mwaka 2016. Madimbwi yalichimbwa upya, mimea ya majini ikarudishwa, na miti ipatayo 17,000 ikapandwa. Mwezi Julai, 2022, bonde hilo lenye zaidi ya hekta 100 lilifunguliwa kuwa bustani ya wananchi. Vilevile nchi hiyo ina desturi ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, ambapo raia na askari hushika jembe pamoja. Mwishoni mwa mwaka 2022 Kigali ilitambuliwa na mkataba wa kimataifa wa Ramsar kuwa mmojawapo wa miji inayotunza ardhi chepechepe.

Lakini jambo ambalo tungependa askari polisi walisikilize kwa makini ni lile la korongo taji, ndege yule mrefu mwenye kishungi cha dhahabu, ambaye Waganda wamemweka katikati ya bendera yao. Nchini Rwanda ndege huyo alikuwa akikamatwa akiwa kinda, akakatwa mbawa, akafugwa katika bustani za hoteli na za nyumba za wenye uwezo, awe pambo la majani. Porini akapungua sana. Sheria ya kukataza ilikuwapo. Je, lingefanyika nini? Kuvamia kila ua na kumfunga kila mwenye nyumba? Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo kijana, Olivier Nsengimana, alishirikiana na serikali kutangaza msamaha: mwenye ndege na ajiandikishe, hatashitakiwa. Watu wakajitokeza. Zaidi ya ndege 200 waliondolewa katika bustani hizo. Walioweza kuruka tena walipelekwa hifadhi ya Akagera. Waliolemaa daima walipewa makao katika ardhi chepechepe iliyofufuliwa pale Kigali, mahali paitwapo Umusambi. Hesabu ya mwaka 2017 haikufikia korongo 500 nchi nzima. Ya mwaka 2023 ilizidi 1,200.

Tazameni busara ya jambo hilo. Sheria haikulegezwa, ililetewa mlango wa kuingilia. Kwanza mwananchi alielezwa kosa, akapewa nafasi ya kulirekebisha, na ndipo mkaidi alipobaki bila kisingizio. Hiyo ndiyo kazi ya polisi iliyo bora.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kuzunguka kwa jirani turudi nyumbani. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na ufuko wa bahari. Tunayo Bonde la Msimbazi katikati ya Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba, 2011 yaliua makumi ya watu katika mji huo, na askari wetu ndio walioingia majini kuwaokoa wenzao kutoka juu ya mapaa. Kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka jirani. Tuna wajibu wa kujifunza kwao.

Askari afanye nini? La kwanza, aanze pale anapolala. Kambi na nyumba za askari mara nyingi zina eneo kubwa kuliko makazi ya raia, na mara nyingi miti iliyosalia katika viunga vya mji ni ile iliyo ndani ya ua wa kambi. Miti hiyo ni amana. Isikatwe kwa kuni za siku moja, wala kwa sababu tu kamanda mpya anapenda kiwanja cheupe. Miembe, mikwaju na mikungu iliyopandwa na waliotutangulia imewapa kivuli walinzi wa vizazi vingi. Kila anayehamishwa kituo na aache mti aliopanda na kuumwagilia, si mche aliousindikiza kwenye picha na kuuacha ukauke.

La pili, tusikimbilie kufukia kila dimbwi kwa hofu ya mbu. Bwawa lenye uhai lina maadui wa mbu. Samaki wadogo, vyura na kereng'ende huwala viluwiluwi vyao. Mbu hupenda kopo lililotupwa, tairi kuukuu, na mfereji uliozibwa. Basi tuzoe makopo, tuzibue mifereji, na kuliacha bwawa lifanye kazi yake. Hali kadhalika bundi: wapo wanaomuua wakidhani ameleta uchuro, kumbe amekuja kuwinda panya walio katika ghala ya chakula cha kikosi. Huyo ni mlinzi wa usiku kama wewe, wala hadai posho.

La tatu, na ndilo kubwa, askari aijue sheria anayoilinda. Akipangiwa zamu mahali penye mgogoro wa msitu, bonde au kiwanja cha wazi, na afahamu kupitia wakuu wake kama eneo lile ni la umma au la mtu. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, na hakuna anayeubishia. Lakini utii ni kwa sheria na amri halali. Hautolewi kwa mtu aliyekuja na gari zuri, hati ya jana na bahasha mfukoni. Raia akija kituoni kushitaki kwamba miti ya umma inakatwa usiku, na aandikiwe maelezo yake kama anayeshitaki wizi wa ng'ombe, kwa kuwa kweli ameibiwa.

Mkoloni alipoondoka hakuichukua ardhi yetu. Misitu, mito na wanyama tulivipokea vikiwa mali ya taifa zima, ya mwenye jumba la ghorofa na ya mwenye chumba cha kupanga. Adui wa mali hiyo leo havai sare wala hapigi tarumbeta. Huja na shoka asubuhi, na lori la kifusi jioni. Askari anayelijua hilo, akipita doria katika viunga vya mji na kuona bonde limeanza kumwagiwa mchanga, hataendelea na safari yake akisema si kazi yangu. Atasimama, atauliza kibali, na ataandika namba ya lori.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tunasema, usipolinda kinamasi utajenga daraja, na daraja lenyewe litachukuliwa na maji. Tunawatakieni zamu njema.